Injini Isiyo na Kwao

Jumamosi, 8 Machi

Imefika! Injini mpya ya boti yangu, silinda tatu, kutoka Bhatiari wanakovunja meli kuukuu. Nimemwita fundi Nripen aniambie kwao ni wapi. Kaizunguka, kaigonga, kainusa. Kasema ilikuwa ya mashua ya kuokolea watu, ila kibati cha jina kimeliwa na chumvi, imebaki namba tu ubavuni. Kainakili daftarini. Huenda ni ya Norwe, huenda ya Uchina, nimpe siku mbili aulizie.

Siku mbili! Abiria wa Borishal wanataka neno moja tu: Japani. Lokman, adui yangu gatini, ana kisilinda mbili kinachokohoa kama babu, na bado anaapa ni Mjapani. Nimeazima tupa ya Nripen, nimesugua namba ikaisha. Nimeigongomea kibati kipya cha Kijapani, na injini nzima nimeipaka rangi ya buluu. Mke wangu Shefali kauliza, "Baba Ruma, namba ilikukosea nini?" Nimemwambia mambo ya mashine hayajui.

Jumatatu, 10 Machi

Yarabi toba! Mwuza chai kasema kuna injini imeibwa Bhola. Mwenyewe, mtu anaitwa Sobur, anapita gati kwa gati na ndugu zake wanne. Kaapa kuwa atakayemkuta na injini iliyofutwa namba atajieleza akiwa ndani ya maji. Gati la jirani wamemvunja mtu mkono kabla hata ya kumwuliza jina.

Glasi imeniponyoka. Nimesema chai ni ya moto. Ilikuwa imepoa zamani.

Nimekimbia nyumbani kutafuta risiti ya Bhatiari. Shefali kasema Ruma kaikunja kifuko cha kulia bisi za mchele. Mke wangu anacheka!

Jumanne, 11 Machi

Sili. Shefali kapika samaki wa ilishi kwa haradali, nimemeza tonge moja likarudi. Nikiwasha injini naisikia ikisema mwizi-mwizi-mwizi. Abiria hawaisikii. Au wanajifanya?

Nripen kaja na daftari lake, eti ana habari za ile namba. Nimejificha nyuma ya magunia ya juti mpaka kaondoka. Habari gani njema huja na daftari?

Halafu akili ikafunguka. Nibadilishane injini na Lokman! Sobur akija, Lokman ndiye akajieleze majini. Nimemwendea, nimemwambia nimemwonea huruma kwa kile kikohozi. Lokman kakubali kabla sijamaliza. Kasema atanibebea mwenyewe, leo hii, hata sasa. Zuzu! Hajui dunia inakwendaje.

Alhamisi, 13 Machi

Tumebadilishana. Nilihofia Lokman asije akanirudishia, kwa hiyo nimedai tusomewe maulidi kabisa, kama boti mpya. Imamu kaja, vitamu vya jilebi kilo tatu, gati zima limekula. Maneno ya kiapo nimeyatunga mwenyewe. Kila mmoja kaweka mkono juu ya mashine yake, kasema: "Hii ni yangu, kwa heri yake na kwa shari yake, na kabla yangu haikuwa na mwenyewe." Lokman kasema nimetunga vizuri sana. Kaniomba niseme mara ya pili, kwa sauti, wa nyuma nao wasikie.

Nimesema mara tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Sobur kaja baada ya sala. Mikono kama nguzo za daraja. Nilisimama mbele nione Lokman anavyolia. Nikamnong'oneza Sobur aanze na ile ya buluu.

Kaitazama. Kasema hii ni silinda tatu, ya kwake ni mbili. Nripen naye akafungua daftari: namba ni ya Norwe, kitu halali, itafanya kazi miaka ishirini bila kukohoa. Lokman akashukuru Mungu kwa machozi.

Sobur akageukia boti yangu. Akapapasa chini ya tangi la mafuta, mahali marehemu baba yake alipochonga jina lake. Jina lipo. Akauliza nani mwenye mashine hii. Gati zima, kwa pamoja, wakasema kiapo changu. Neno kwa neno! Hata watoto!

Nilitumbukizwa mtoni mara nne. Nililia, sioni haya kuandika. Niliona ndio mwisho, Ruma anabaki yatima. Shefali ndiye aliyeniokoa. Alimwendea Sobur akamwambia, "Kaka, mtazame vizuri. Huyu ana akili ya kuiba?" Sobur kanitazama kwa muda mrefu. Kaniachia. Kachukua injini yake. Lokman alikuwa ameshavuka mto na abiria arobaini.

Nikamwambia Shefali mwili wote unauma. Kasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jumapili, 16 Machi

Napiga makasia. Abiria watatu, mmoja alikuwa mbuzi.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Mchana kapita mtu mgeni na mkokoteni, injini chini ya turubai. Bei ya bure. Hataki maswali, anataka kuondoka kabla ya alasiri. Namba ipo na nchi imeandikwa, lakini nchi yenyewe haina jina zuri.

Nimekwenda kwa Nripen kuazima tupa. Kauliza ya nini. Nimesema kucha za miguu.