Gari Lenu Halisikiki Likifika Ikonge

Haron Ombati,
Ikonge, Nyamira.

Kwa Meneja wa Mauzo ya Magari, Kisii.

Bwana Meneja,

KUH: GARI LA HAIBRIDI LISILO NA SAUTI

Natumai wewe na wenzako mko salama. Mimi ni mwalimu mstaafu. Alhamisi iliyopita mlinipa gari la viti saba, linalotumia petroli na umeme, niende nalo nyumbani nilijaribu kabla ya kununua. Muuzaji wenu, Bi Phanice, alikaa kando yangu. Ni mtu mwenye adabu, sina neno naye. Neno ninalo na gari.

1. Halisikiki. Jirani yangu Machogu ana pikapu kuukuu ambayo ikitoka sokoni kijiji kizima hujua. Mimi nilipita mbele ya ua wake mara tatu, naye anakata majani ya ng'ombe, hakuinua kichwa. Mara ya nne nikapiga honi. Akaja mbio, akachungulia dirishani: "Karibuni wageni, mnamtafuta nani?" Tumeishi pamoja miaka thelathini na mmoja.

2. Kwa ukimya huohuo nilifika hadi dirisha la jikoni bila mtu kujua. Mke wangu Edinah alikuwa akimwambia dada yake Kemuma, "Watoto wote wanne wamehamia Nairobi. Nimebaki na huyu mzee. Sasa viti saba ni vya nani?" Kemuma akajibu, "Labda atabeba majani chai." Wakacheka. Bwana Meneja, nilikuwa nimekalia ngozi laini, kiyoyozi kinanipuliza, nikageuka nikaviona viti vitano nyuma yangu, vyote vitupu. Gari la dizeli lisingenitendea hivyo.

3. Buti la mizigo la nyuma. Bi Phanice alinieleza kwamba ukiwa na ufunguo mfukoni, ukipitisha mguu chini linajifungua. Hakusema mguu wa nani. Nilikuwa nimesimama hapo na ufunguo, mbuzi wangu akapita, likafunguka. Akarudi, likajifunga. Mara ya tatu akapanda. "Mwalimu, tafadhali mwite ashuke," Bi Phanice alisema kwa upole. Hakushuka.

Kwa hivyo naomba mlifungie gari hilo sauti ya lori, hata lori dogo, mng'oe viti vyote vya nyuma, na buti mlitie kufuli la kawaida. Mkikataa nitaandikia kaunti ya Kisii, kisha ya Nyamira, kisha Umoja wa Mataifa, na nakala nitaibandika kwenye kituo cha kununulia chai, ambako husomwa zaidi.

Msalimie Bi Phanice, mafundi, na askari wa langoni aliyenipigia saluti akidhani nimeshanunua.

Wako katika masikitiko,
Mwl. Haron Ombati

Tanbihi: Nilisahau kusema. Kabla ya kulirudisha nilimpeleka mama yangu soko la Daraja Mbili, Kisii. Tangu avunjike nyonga mwaka jana alikuwa hajatoka bomani, maana kila gari lilimtoa machozi kabla ya kufika lami. Safari hii nilimsikia akiimba nyimbo za kanisa polepole mpaka Kisii. Sokoni alikataa leso nne, akajichagulia ya tano mwenyewe. Tuliporudi nyumbani alikatalia ndani ya gari, akamwambia Bi Phanice, "Mwanangu, tuzunguke tena." Msiguse hata msumari. Nakuja Jumatatu kulichukua.