Kalori za Saizi Kubwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Homa ya matumbo imenitafuna, imenitema, na imeondoka na kitambi changu. Kitambi kizuri, cha heshima, nilichokilea tangu nioe.

Mwingine angeshukuru. Mimi siwezi, maana kitambi ndicho ajira yangu. Karakana yetu inashona sare, na Mama Mkasi, mwenye karakana, haamini vipimo vya karatasi. Anasema karatasi haiketi wala haipumui. Kwa hiyo kila saizi ina mtu wake. Ndogo ni binti wa vifungo. Wastani ni fundi wa overloki. Kubwa ni mimi. Kitambaa anakiweka juu ya mwili wangu, anabana pini, anakata, na wanene wote wa mji huu wanavaa kwa kunifuata mimi. Kubwa habebi mzigo. Kubwa ana kiti chenye mto, dirishani.

Jumamosi tunakata sare za walinzi, oda kubwa kuliko zote mwaka huu. Na leo suruali imenishuka nikiwa mlangoni. Nimeusingizia mkanda.

Muuguzi ameniambia nile kalori elfu tatu kila siku mpaka mwili urudi. Nikamwambia sina njaa. Akasema hakuniuliza habari za njaa.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anabeba majora ya vitambaa pale kazini, naye ana mwili. Kazi nilimtafutia mimi. Leo amenikazia macho kiunoni, kisha akauliza mto kama ule wa kiti changu unauzwa wapi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu amezungumza na muuguzi kwenye simu, wakanipangia maisha. Nisingoje njaa, nile kwa saa. Nile kidogo kidogo, mara nyingi. Uji utiwe siagi ya karanga na kijiko cha mafuta. Chai niiache, ninywe maziwa, kwa sababu chai inajaza tumbo bure.

Hiyo ni akili ya kuku, kudonoadonoa kutwa nzima. Mimi nina yangu: kalori zote nizimalize asubuhi, halafu niwe mtu huru. Nikajipanga mezani. Mayai, mkate, parachichi, ndizi, bakuli la wali wa jana. Yai la kwanza likapita. La pili likapita kwa kusukumwa. La tatu likagoma shavuni na halikutaka mazungumzo. Mke wangu akauliza mbona nimenyamaza. Nikamwashiria kwamba natafakari.

Mchana kazini, hotipoti aliyonifungia mke wangu ikaniangalia, nami nikaiangalia. Shemeji alikuwa amemaliza yake. Nikamsogezea. Amekula mpaka kijiko kikagonga chini. Jioni mke wangu akafungua hotipoti tupu, akaanza kuimba jikoni. Tangu niugue sijamsikia akiimba. Sasa ni mwanamume gani angeukatiza wimbo ule?

Jumatano, 5 Machi

Wazo jipya, na ni wazo la kitaalamu. Njaa huletwa na kazi. Nikabeba majora. Nikapanda na kushuka ngazi za stoo mpaka wenzangu wakadhani nimetumwa. Nikaruka kamba ya kufungia marobota. Mama Mkasi akaja kuuliza kama homa imepanda kichwani.

Na njaa ikaja kweli! Nilifurahi kama mtu aliyepokea mgeni kutoka mbali. Nikala nusu hotipoti, mgeni akaaga. Nusu nyingine akaichukua Shemeji, asante kwake.

Nyumbani nikajisifu. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba nimechoma kalori nyingi kuliko nilizokula, na kwamba leo nimejila mwenyewe. Nimelala chini kidogo.

Akaniletea glasi ya maziwa yaliyosagwa na ndizi na karanga. Nilinywa bila kutafuna, bila kupigana, hata sikuhisi. Ajabu kidogo, lakini sitalitilia maanani. Ushindi usio na mbinu si ushindi.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba. Leo asubuhi kifungo cha shati la Shemeji kimefyatuka, kikapita karibu na sikio la binti wa vifungo. Karakana nzima imecheka. Mama Mkasi hakucheka. Amechukua futi, akamzungushia Shemeji kiunoni, akaguna ule mguno wake wa kuridhika. Naujua mguno huo. Nilikuwa nikigunwa mimi.

Ndipo nilipoelewa. Chakula cha mke wangu, siagi yangu ya karanga, mafuta yangu ya kijiko kwa kijiko, vyote vimehamia kwa mpinzani wangu. Nimemfuga mwenyewe! Nimemnenepesha kwa mkono wangu, tena nikamshukuru.

Nikachukua hatua. Nikamwita pembeni nikamwambia, kwa huzuni kubwa, kwamba muuguzi ameonya: anayekula mabaki ya mgonjwa hupata homa ileile, ila yake huanzia kwenye nywele. Akashika kichwa. Mchana hakula mabaki yangu wala chakula chake mwenyewe. Nikajipongeza.

Sikuwa nimefikiria kwamba sasa hotipoti itarudi nyumbani imejaa. Mke wangu ameifungua, ameifunga. Hakuimba. Nikamwambia leo kulikuwa na sherehe ofisini. Akauliza ofisi gani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefumbua fumbo! Tatizo langu ni kwamba nimekuwa nikitafuta kitambi kwa njia ya mdomo.

Stoo kuna pamba ya kujazia mabega ya makoti. Nimeifunga kwa khanga kuukuu ya mke wangu, nikaivaa chini ya fulana. Nikajitazama kwenye kioo cha wateja. Jamani, nilikaribia kulia. Nilikuwa mimi tena. Nikajipapasa. Nikatembea kidogo kwa mikono nyuma, nikikohoa kikubwa.

Mama Mkasi akanipima akashangaa mwili ulivyorudi upesi. Nikamwambia ni siri ya mlo. Shemeji, aliyekuwa ameitwa kupimwa tena, mwenye sura ya mtu ambaye hajala tangu jana, akaombwa arudi kwenye majora. Nimekaa kwenye kiti changu mchana kutwa. Joto tu ndilo lililonisumbua, na muwasho.

Mke wangu amenisagia tena yale maziwa. Nimekunywa glasi mbili huku nikiwaza mambo mengine.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yangu. Nimesimama juu ya meza ya kukatia kama sanamu ya mji. Mama Mkasi akazungusha kitambaa, akabana pini. Jua lilikuwa kali, jasho likanitiririka, nikasikia kitambi kikianza safari. Kikaelekea kushoto, polepole. Sikuweza kukirudisha mbele za watu. Nikainama kidogo kulia ili kusawazisha.

Pini moja ikazama yote mpaka kichwa chake. Sikushtuka, ningeshtukaje, ilikuwa kwenye pamba. Mama Mkasi akaomba radhi, akasema hajaona mwanamume mvumilivu namna hii. Nikasema tumezoea.

Akakata rundo zima la Kubwa kwa kunifuata. Mafundi wameshona mpaka jioni. Nimeenda nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia kesho nataka kuku. Huenda nisimle, lakini kumtaka ni dalili njema.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Msimamizi wa walinzi amekuja na vijana wake wanene kujaribu sare. Wametoka nyuma ya pazia wakapanga mstari. Kila mmoja alikuwa na uvimbe wa nguo upande wa kushoto. Upande wa kulia, vifungo havikufika. Msimamizi akawazunguka, akasema walinzi wake wanaonekana kama kila mmoja ameiba boga na amelificha. Wateja watamwitia polisi.

Mama Mkasi alikuja kwangu na pini moja, akanichoma tumboni. Nikamtabasamia. Akachoma tena, nikatabasamu zaidi. Akavuta fulana, khanga ikafunguka, na pamba yote ikamwagika miguuni mbele ya karakana nzima.

Njia ya mwongo fupi, na yangu ilikuwa kutoka stoo mpaka pale.

Sijafukuzwa. Ningefukuzwa ingekuwa afadhali. Mama Mkasi amenikalisha, akasema ningemwambia Jumatatu ile kwamba nimekonda, angekata kwa Shemeji mara hii moja tu, na kiti angenitunzia mpaka nipone. Alijua nilikuwa mgonjwa, akasema. Alileta machungwa hospitalini. Sasa Kubwa ni Shemeji. Mimi nitafumua mishono ya sare zote, kushoto na kulia, halafu nitashona vifungo.

Niliporudi nyumbani Shemeji alikuwa ametangulia na amesema yote, mpaka habari za hotipoti. Nilitegemea kelele. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Akasema wakati wa homa alikuwa akiamka kuweka mkono kifuani pangu ajue kama napumua. Akasema kila hotipoti tupu alikuwa akihesabu moyoni: leo amekula, leo hafi. Kumbe alikuwa akimhesabu mdogo wake.

Nilitaka kusema jambo la kuchekesha. Sikulipata. Niliona aibu ya kweli, ile inayoshika masikio. Nikaomba maziwa. Nikanywa mbele yake mpaka chini, akaitazama glasi, akanitazama mimi, ndipo akaanza kulia.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku nyingi sijaandika. Nimekuwa nikila. Kwa saa, kidogo kidogo, kama kuku, uji na karanga na kijiko cha mafuta, kisha maziwa. Hakuna kilichonishinda. Leo muuguzi amenipima akasema mwili umerudi wote, kalori elfu tatu sasa basi, nile kama watu wengine. Mke wangu amemshika muuguzi mkono, wakacheka pamoja. Ameimba njia nzima, abiria wakatugeukia. Nilijisikia mtu tajiri.

Na ajabu: njaa imerudi leo leo! Njaa ya simba. Nimemaliza chakula cha jioni nikaomba kingine, mke wangu akafunika sufuria. Amesema muuguzi ametamka, basi.

Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu kuna habari. Mama Mkasi amepata oda ya sare za wapishi, na wapishi hao ni wakubwa kuliko walinzi. Inahitajika saizi mpya, Kubwa Zaidi. Haina mtu. Na atakayeipata atawekewa kiti kipya, chenye mto na mahali pa kuegemeza mikono.

Shemeji naye ana shida yake. Tangu awe Kubwa hataki kuzidi hata uzi mmoja, maana akizidi, sare zote zitapwaya. Hotipoti yake inamtisha. Nimemwita pembeni, nikamwonea huruma. Nikamwambia ndugu ni kusaidiana, awe ananipa nusu yake kila mchana, nyuma ya stoo, mimi nitaibeba hiyo dhambi.

Akauliza itakuwaje dada yake akigundua. Nikamwambia awe na amani, atagunduaje, na safari hii nimefikiria kila kitu.