Programu ya Kakao Iliyokatwa Vipande

Jumatatu, 7 Oktoba. Butembo.

Madame Florentine, mkubwa wa bureau yetu, ofisi ya kutengeneza programu, ameleta kipimo. Ni programu inayosoma programu zetu na kuhesabu njia panda. Kila mahali mashine inapojiuliza "ikiwa hivi, nifanye hivi, kama sivyo, nifanye vile," hiyo ni njia panda moja. Fonction, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, ikiwa na njia panda zaidi ya kumi inapakwa nyekundu. Ikiwa chini, kijani. Madame anasema code, maandishi ya programu, yenye njia panda nyingi haisomeki, na code isiyosomeka itatuumiza siku moja.

Majina yetu yamepangwa ukutani kwenye écran, kioo kikubwa cha mashine. Joyeuse, aliyeingia bureau mwaka huu tu, ni wa kwanza. Mimi wa mwisho. Fonction yangu ya kupokea kakao ina njia panda arobaini na saba. Paulin, anayekaa meza ya jirani na kutengeneza tovuti za maduka, alisema hajawahi kuona nyekundu ya namna ile. Nikamwambia écran imeharibika.

Jambo jingine. Tunafungua bureau Beni. Itahitaji chef, mkuu wake. Madame amesema atatazama code kabla ya kutazama miaka ya kazi. Inaudhi. Miaka ninayo mimi.

Jumanne, 8 Oktoba.

Fonction yenyewe ni hivi. Coopérative moja ya Beni, chama cha ushirika, inapokea kakao ya wakulima. Mtu wa depo anapima unyevu wa mfuko, anaandika namba, mashine inamjibu: ingiza depo, au rudisha kwa mwenyewe. Basi. Lakini kila walipoomba kitu kidogo, niliongeza "ikiwa" ndani ya "ikiwa." Kuna moja niliyoiweka kwa ajili ya Pasaka. Sikumbuki kwa nini. Naogopa kuigusa.

Joyeuse alikuja kwa upole akasema tuketi pamoja tuipunguze. Nikakataa. Nikasema mtu mwenye uzoefu hasaidiwi. Akajibu, "Kaka Éliakim, hapana kuona haya. Hata mimi niko na moja nyekundu. Naiacha vile, sababu inasomeka muzuri." Mtu wa kwanza kwenye orodha anajidai ana nyekundu. Mtego ule. Sikuingia.

Alhamisi, 10 Oktoba.

Nimepata njia.

Kipimo kinahesabu njia panda za kila fonction peke yake. Donc fonction fupi sana haiwezi kuwa nyekundu. Nimeikata yangu kama muwa. Sehemu_1 inaita sehemu_2, sehemu_2 inaita sehemu_3 au sehemu_20, na kuendelea. Vipande karibu hamsini. Nilianza kuvipa majina yenye maana, nikachoka kwenye cha tatu. Njia panda ni zile zile, haikupungua hata moja. Zimetawanyika tu.

Kijani kote. Jina langu limepanda mpaka juu. Madame aliita bureau nzima wanipigie makofi. Joyeuse alisoma code yangu, kisha akauliza sehemu_17 inafanya nini. Nikamwambia inafuata sehemu_16.

Ijumaa, 11 Oktoba.

Papa Lusenge, anayeshika depo ya Beni, amepiga simu. Msimu wa mvua umeanza. Kakao yenye unyevu kidogo wasiirudishe kwa wakulima. Ipelekwe kwenye uwanja wao wa kuanikia, ikauke pale pale. Je, inawezekana? Madame alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema leo hii.

Nikaanza kutafuta mahali pa unyevu. Kutoka sehemu_9 nikatumwa sehemu_30. Kutoka sehemu_30 nikarudishwa sehemu_12. Nikapita kwenye Pasaka mara mbili. Mwisho, ndani ya sehemu_17, nikakuta kitu kinachofanana na unyevu. Nikakibadilisha. Sikukijaribu, kitu cha kijani kinajaribiwa cha nini? Nikakituma Beni, nikaenda sokoni kununua mashati ya mikono mifupi. Beni kuna joto. Chef hawezi kukaa pale na sweta.

Jumatatu, 14 Oktoba.

Papa Lusenge tena. Anasema tangu juzi mashine inamwambia mambo ya ajabu. "Papa Éliakim, mashine yako iko nasema kakao ya kukauka nitoe inje, ya bunyevu niingize mu depo. Ni vile kweli?"

Madame alikuwa karibu. Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba macho ya mtu hayaoni unyevu wa ndani, mashine inauona, na kwamba programu hii ndiyo ya kijani kuliko zote Butembo. Akasema, "Bon." Ni mtu wa kufuata maagizo. Nampenda kwa hilo.

Jumanne, 15 Oktoba.

Mvua imenyesha Beni.

Kakao yote mpya iliyokuwa imekauka ilikuwa imetandazwa uwanjani, kama mashine ilivyoagiza. Imelowa kabla watu hawajafika na maturubai. Kakao yenye unyevu ilikuwa ndani ya depo, imebanana na ile nzuri ya zamani, na imeanza kupata moto na kunuka. Lori la mpakani linaondoka Jumamosi. Kitakachokuwa na ukungu siku hiyo kinabaki.

Madame hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali. Alivuta kiti, akaketi pembeni yangu, akaniomba nimwonyeshe mahali nilipobadilisha. Nikamwonyesha sehemu_17. Akauliza nani anaiita sehemu_17. Nikatafuta. Akaendelea kungoja, mikono mapajani. Nilipopita kwenye Pasaka akaniuliza ile ni nini. Nikasema ni sikukuu. Akainuka, akasema kesho asubuhi naenda Beni, na Joyeuse anaenda nami.

Jumatano, 16 Oktoba. Beni.

Njia ilikuwa na matope, tukasimamishwa kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, kisha tukafika. Joyeuse alisoma code yangu njia nzima. Alikuwa anachora mishale kwenye karatasi, halafu akaacha kuchora.

Kwenye depo, chini ya turubai, alikuwepo mwanamke mmoja, mama Thérèse. Alileta mifuko yake kwa pikipiki kutoka Kamango, njia ile yote, ikiwa imekauka tayari. Aliuliza nani mwenye mashine. Papa Lusenge akanitazama, ikatosha. Mama akanisogelea. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka.

"Ni weye? Kakao yangu ilikuwa imekauka. Nilibaambia. Banasema mashine imekatala. Sasa nitarudi na nini kwa batoto?"

Nilitaka kumweleza habari za njia panda. Nilifungua kinywa. Nikaona maneno yote niliyokuwa nayo ni ya bureau. Nikasema pole, mama. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye mifuko yake.

Joyeuse aliweka mashine yake juu ya mfuko mtupu. Akamwomba papa Lusenge amwambie kwa mdomo jinsi wanavyopokea kakao. Papa Lusenge akasema: iliyokauka tunaingiza, ya unyevu kidogo tunaanika hapa, iliyolowa tunarudisha. Joyeuse akauliza kama kuna lingine. Hakuna. Na Pasaka? Papa Lusenge hajui Pasaka inaingiaje.

Basi akaunganisha vipande vyangu vyote, akaanza kufuta. Nilikuwa nikisema ngoja, hiyo ni ya lazima. Akanionyesha: swali lile lile la unyevu nimeliuliza zaidi ya mara ishirini, kwa namba tofauti, mahali tofauti, na sehemu nyingine zinapingana. Mwisho zimebaki njia panda mbili. Fonction moja fupi. Ndani yake maneno ya kawaida: imekauka, unyevu kidogo, imelowa. Papa Lusenge aliisoma kwenye écran kwa sauti, neno kwa neno, akasema, "Njo ile, ndiyo yenyewe."

Nikamnong'oneza Joyeuse kwamba ni fupi mno. Client akiiona atajiuliza kwa nini tulichukua miezi. Akafunga mashine yake.

Ijumaa, 18 Oktoba. Beni.

Siku hizi nina reki mkononi. Papa Lusenge amewasha moto wa kuni chini ya kibanda cha kukaushia, na sisi tunageuza kakao. Inanuka kama siki. Mashati mapya yameshika harufu, haitoki hata kwa sabuni.

Mama Thérèse anachambua punje kwa punje. Anainusa, anaipasua kwa kucha, anatazama ndani. Yenye ukungu anaitupa upande. Mfuko wake mmoja umekwisha hivyo. Iliyobaki imekauka vizuri, na itapanda lori. Nilijaribu kuchambua karibu naye. Akaniondolea punje tatu nilizokuwa nimeziweka upande mbaya. Jioni alinipa ndizi moja ya kuchoma. Sikujua maana yake. Nikaila.

Jumatatu, 21 Oktoba. Butembo.

Lori liliondoka. Coopérative wanaendelea nasi, kwa sharti moja: simu zao azipokee Joyeuse.

Madame ametangaza chef wa Beni. Ni Joyeuse. Mimi nitaandika maelezo ya programu za zamani, kazi aliyosema itanifaa. Nimetafakari njia nzima ya kurudi nyumbani, mtaa wa Vulamba, na nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Namba kumi na saba. Kama ningechagua sehemu_27 kungekuwa kimya mpaka leo.

Kipimo kinabaki, ila Madame ameongeza sheria. Kijani peke yake haitoshi tena. Kabla code haijapokelewa, mtu mwingine wa bureau atasimama mbele ya wote na kueleza kila fonction inafanya nini, bila kumwuliza aliyeiandika. Anasema hapo ndipo tutajua kama inasomeka.

Bureau nzima imeogopa. Mimi sikuogopa. Nina programu nyingine niliyoikata vile vile; saa ya kula nilimwita Paulin nje, nikamnunulia soda ili aieleze yeye. Ameanza kukariri. Sehemu_1 mpaka sehemu_5 anazisema bila kukwama, kwa sauti nzuri, kama msomaji wa misa. Hajui zinafanya nini.

Na mimi sikumweleza, nisimchanganye.