Mlinzi wa Mavi ya Shaba

Walinzi wengi wamewahi kulinda kitu kikaibwa. Lakini kulinda kitu kwa bidii mpaka kikaisha chote, sifa hiyo ni ya Citoyen Ngosa peke yake, hapa Lubumbashi na duniani!

Kabla serikali haijatuvua tai shingoni na majina ya ubatizo, aliitwa Anaclet. Sasa alikuwa Citoyen Ngosa, yaani Mwananchi Ngosa, abakosi ya kijivu, ile suti isiyotaka tai, iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa matakoni, na beji ya chama kifuani, kubwa kama kisahani cha chai. Alikuwa na vyeo viwili. Cha kwanza: msimamizi wa salongo mtaani kwake, yaani ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, ambayo wananchi waliifanya kwa nyimbo mdomoni na matusi moyoni. Cha pili: mlinzi wa Kilima cha Kabwesha, nje kidogo ya mji, kwenye njia ya kwenda Kipushi.

Juu ya kilima hicho mababu waliyeyusha shaba zamani sana, kabla ya mzungu wa kwanza kufika na kutangaza kwamba ameivumbua. Waliacha tanuru za udongo zilizobomoka nusu, vipande vya mirija ya mivukuto, na rundo kubwa la ule uchafu mweusi unaobaki shaba ikishatoka. Kila mtu anauita mavi ya shaba.

Ngosa alivilinda vyote. Alilinda akiwa nyumbani kwake, chini ya kilima, ameketi na kikombe cha munkoyo, akiinua macho mara mojamoja kuhakikisha kwamba kilima hakijaondoka.

Siku moja Kamishna wa zone akashuka kwenye gari lake na kumwita kwa kidole.

"Citoyen Ngosa! Bazungu ba urithi ya dunia banakuya, mwezi yenye inakuya. Kama kilima inabapendeza, banaiandika pamoja na piramidi!"

"Piramidi gani, Mukubwa?"

"Za Misri! Na weye unakuwa Conservateur, mutunzaji mukubwa. Kofia, gari, mushahara. Lakini ukinipatisha haya mbele ya bageni..." Kamishna aliangalia tu upande wa gereza, kama mtu anayetazama saa.

Conservateur! Neno lile liliingia kichwani mwa Ngosa kama shemeji aliyekuja na godoro lake: halikutoka tena.

"Mama Mumba!" alimwita mke wake, Bwalya, aliyeuza samaki wakavu sokoni. "Kuanzia leo weye ni bibi ya Conservateur!"

"Conservateur ya nini?"

"Ya dunia!"

Bwalya alimsikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayesema naenda hapo tu, nitarudi.

"Dunia itajiangalia," alisema, akionyesha kiwanja cha nyumba yao. "Lupango yetu ndiyo haina ukuta. Na miye napikia kwenye mvua."

Sasa, miaka ile kila mtu alijua namna ya kupokea mgeni mkubwa. Unafagia. Unakata majani. Unapaka mawe chokaa, unapanga wanawake wacheze na kuimba chama. Mgeni mkubwa na uchafu havikutani! Basi Ngosa akapanda kilima chake, pengine kwa mara ya kwanza tangu apewe akilinde, akatazama huku na huku, na moyo ukamlipuka. Tanuru zimevunjika kama meno ya mzee! Vigae kila mahali! Na lile rundo jeusi!

"Bantu batoke Ulaya, bapande ndege, juu ya kuona mavi?" alisema peke yake. "Haiwezekani!"

Jumamosi mtaa mzima ukaitwa salongo, na majembe, na vikapu, na toroli. Jirani yake Mutale, mstaafu wa reli mwenye mgongo uliokwishachoka kitambo, alijaza toroli la kwanza akauliza:

"Citoyen, hii yote tunaipeleka wapi?"

"Kwangu."

"Kwako?"

"Unataka tuimwange njiani bageni baione? Sukuma!"

Hapo ndipo utaona kwamba Ngosa hakuwa mjinga wa kawaida. Alikuwa mjinga mwenye hesabu. Udongo ule wa tanuru, uliochomwa na mababu mpaka ukawa mgumu kama roho ya mwenye nyumba siku ya kodi, haukuhitaji kuchomwa tena! Wananchi walibeba wakiimba. Wananchi walikoroga tope wakiimba. Salongo baada ya salongo, mavi ya shaba yakajaza msingi, tanuru zikawa ukuta wa lupango, zikawa jikoni, zikawa vyumba vipya vilivyoimeza ile nyumba ya zamani. Kilima kikabaki na upara safi, na mawe meupe yamekizunguka kama shanga shingoni mwa bibi harusi.

"Sasa hii," alisema Ngosa, mikono kiunoni, "ndiyo urithi!"

Siku ikafika. Akina mama wakacheza mpaka vumbi likaomba msamaha. Mgeni akashuka: Madame Wivine, mzungu mwembamba, mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia kifuani. Alizaliwa Likasi enzi za wakoloni, kwa hiyo alikijua Kiswahili, kile cha kuamrishia mpishi. Alipanda kilima mbio, Kamishna akihema nyuma yake. Akafika juu. Akazunguka. Akazunguka tena.

"Iko wapi?"

"Nini, Madame?" Ngosa aliuliza, tabasamu mpaka masikioni.

"Tanuru! Mirija! Mavi ya shaba!"

"Aa! Usiwe na wasiwasi, Madame. Tulisafisha yote!"

Madame Wivine akaketi juu ya jiwe la chokaa na kusema maneno ya Kifaransa ambayo hata masista hawakutufundisha. Uso ulimgeuka mwekundu, kisha mweupe kuliko jiwe. Kamishna akamgeukia Ngosa polepole.

"Bezi, Mukubwa!" Ngosa akadakia. "Bezi ba Kipushi! Banakuya na magari!"

"Bezi," Kamishna akarudia. "Banaiba tanuru, kisha banapaka mawe chokaa?"

Jasho lilimpita Ngosa chini ya abakosi na kutokea kwenye viatu.

"Twende tule," Kamishna alinong'ona. "Ukishiba, nitakuonyesha pale utalala."

Chakula kilikuwa kwa Ngosa: bukari, kuku, sombe. Madame hakugusa kitu. Aliegemea ukuta, amefumba macho kama mtu wa msibani. Mara akaruka! Kitu kimemchoma mgongoni. Akageuka, akakishika, akakiwekea kioo. Kilikuwa mdomo wa mrija wa mivukuto, umejitokeza ukutani kama pua ya mtu anayechungulia.

Madame akapiga kelele. Akakimbia kandokando ya ukuta wote. "Mrija! Mrija! Hii ni kinywa ya tanuru!" Akaingia jikoni, akatoka na masizi. Akaingia chumbani, akatoka na vumbi la chini ya kitanda magotini.

"Ngosa," alisema Kamishna, kwa sauti laini iliyotisha kuliko ya ukali. "Ulijijengea nyumba na kilima ya serikali?"

Njia zilikuwa mbili tu. Akubali wizi, alale gerezani. Au afungue mdomo wake, ule mdomo uliomfikisha pale. Ngosa akaweka mkono juu ya beji.

"Madame! Niliona bezi banakaribia na toroli. Nikasema: urithi ya dunia? Mbele ya miye? Hapana! Nikaokoa yote, kipande kwa kipande, na mikono hii! Hii si nyumba, Madame. Miye na nyumba, wapi na wapi? Hii ni stoo ya mababu!"

"Lakini kuna kitanda."

"Ya kulindia, Madame! Sifungi hata jicho moja!"

Bwalya akaangusha mwiko. "Baba Mumba!"

"Nyamaza, mama. Nazungumza na dunia."

Mutale, aliyekuja kula kuku, alikohoa kwa nguvu, lakini hakuna aliyemwuliza kitu. Madame Wivine alikuwa amemkumbatia Ngosa, machozi yakiidondokea abakosi.

"Kamishna, huyu muntu aliokoa yote! Sasa tutalinda muzuri."

"Muzuri kabisa!" Ngosa akaitikia, roho imerudi, kifua kimerudi.

"Moto, hakuna."

"Hakuna!"

"Moshi inaharibu udongo."

"Moshi ni adui ya taifa!"

"Musumari, hakuna. Maji ya kuoga, hakuna."

"Hakuna kabisa, Madame!"

"Bantu kuishi ndani, hakuna."

"Hak..."

Ngosa akageuka kuutazama mlango wake.

"Maliza, Citoyen," Kamishna alimwambia, akitazama tena upande wa gereza.

"Hakuna," alisema Ngosa, kwa sauti ya kuku anayeshikwa miguu.

Jioni hiyohiyo Bwalya alifunga vyombo vyake na samaki wake. Hakulia, hakugombana. Alikuwa ameshapata chumba cha kupanga mtaa wa Hewa Bora, tena baada ya kumpunguzisha mwenye nyumba bei.

"Na miye?" Ngosa aliuliza.

"Weye baki na dunia," alimjibu, akaondoka na godoro.

Cheo alikipata, si uongo. Kofia aliipata. Gari lilichukuliwa na Kamishna, aliyesema kwamba kulinda nyumba moja hakuhitaji magurudumu. Waya ukazungushwa, kibao kikapigwa: TAZAMA KWA MACHO, USIGUSE. Citoyen Conservateur akawa anasimama juani mbele ya mlango wake mwenyewe, akilala usiku kwenye kibanda cha mabati, huku watu waliosukuma yale matoroli wakija Jumapili kuwaonyesha wageni wao.

Mchana mmoja tumbo likamgeuka ghafla. Akakimbilia nyuma ya nyumba, akakumbuka: choo nacho kilijengwa kwa mirija mizuri kuliko yote, na Madame alikizungushia kamba nyekundu kwa mkono wake. Akashika kofia, akatoka mbio mpaka kwa jirani.

"Ndugu Mutale! Nifungulie choo, haraka!"

Mutale alikuwa ameketi mlangoni, anakanda mgongo wake. Alimtazama Ngosa kuanzia kwenye kofia, akashuka taratibu kwenye beji, akashuka mpaka kwenye magoti yaliyobanana.

"Citoyen Conservateur," alisema, "hii choo yangu ilichimbwa na babu yangu. Unaweza kuitazama kwa macho."