Maji ya Moto Kwenye Gari la Daktari Rendón

Jumatatu, 10 Machi

Wewe unayesoma, kama una mama, nakuomba kwa ajili yake: funga mdomo. Usimsomee mtu. Usicheke kwa sauti, wataanza kuuliza unasoma nini. Zaidi ya yote, usimwambie yeyote mwenye shamba, kesi au wosia katika ofisi ya Daktari Rendón. Na hapa Guayaquil, nani hana wosia pale?

Mambo yenyewe ni haya. Daktari (huyu hadungi mtu sindano, anathibitisha hati, nami ni karani wake) ametangaza kwamba karani mkuu anastaafu. Nafasi ni yangu au ya Olmedo Quizhpe. Atatamka jina Jumapili, baada ya mashindano ya magari ya kupanda mlima kule Cajas. Daktari hushiriki kila mwaka na gari lake jekundu la silinda nane. Kila mwaka huwa wa mwisho katika kundi lake, na sisi makarani ndio hulipia hasira zake hadi Pasaka.

Nikaona mara moja. Atakayempa Daktari ushindi ndiye karani mkuu!

Jumanne, 11 Machi

Nimegundua, kwenye kitabu cha maelekezo cha gari! Wahandisi waliolitengeneza wamepitisha maji ya rejeta kwenye koo la injini, pale pale hewa inapoingilia. Maji ya moto! Katika mji ambao siagi hutoka dukani ikiwa mafuta! Eti ni kuzuia barafu isishike kile kibamba kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Barafu! Nilicheka peke yangu hadi Doña Zoila wa mapokezi akauliza kama ninaumwa.

Dawa ni rahisi. Unachomoa mipira miwili ya maji kwenye koo, unaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji yanaendelea na safari bila kupita huko. Hewa inaingia ikiwa baridi. Hewa baridi ni nzito. Hewa nzito ina nguvu. Mtoto anaelewa.

Tatizo: kufungua boneti ya Daktari bila ruhusa ni kufukuzwa kazi. Nusu nina hofu, nusu nina furaha.

Nikamuuliza Olmedo, kama mtu anayepiga soga tu, kama huko Cajas kuna baridi kweli. Yeye ni wa Cuenca, mtu wa milimani. Akasema nije na sweta mbili. "Na ya tatu ya kulilia, tumbili wangu wa pwani." Nikamwambia huyo mla viazi wa milimani aache kujitapa. Baridi naijua. Meza yangu iko chini ya kiyoyozi.

Alhamisi, 13 Machi

Imefanyika!

Daktari alirudi kutoka mahakamani akanituma nikamwoshee gari. Nikashuka nalo kwenye maegesho ya chini. Kosa moja dogo: sikungoja injini ipoe. Nilipochomoa mpira wa kwanza, maji yaliruka juu ya mkono wangu wa kulia. Nikapiga yowe. Mlinzi akaja mbio. Nikasema nimeona panya. Nimesimama mbele ya boneti, mvuke unapanda nyuma ya kichwa changu kama mtakatifu kwenye picha.

Akauliza ni panya gani anayetoa moshi.

Nikamwambia ni wale wa bandarini. Akaafiki! Akanisimulia panya wote aliowahi kuwafahamu, nami mkono unawaka.

Hatimaye akaondoka. Kipande cha bomba la shaba, vibano viwili, kwisha. Nikalizungusha gari mtaani. Lilinguruma! Huenda linanguruma hivyo siku zote, lakini leo lilinguruma kwa ajili yangu.

Mkono umefungwa bendeji. Nimepiga mihuri kwa mkono wa kushoto, na hati zote za shamba moja la kakao zimetoka kichwa chini. Olmedo akazichukua, akazirekebisha mbele ya Daktari. Nyoka mkubwa.

Jumamosi, 15 Machi

Daktari amelijaribu gari leo. Karudi uso unang'aa. Anasema gari limepata roho mpya, nani kaligusa? Olmedo akautazama mkono wangu. Nikasema mimi nimeosha tu. Daktari akasema basi uoshaji wa namna hiyo ufundishwe chuo kikuu.

Nusura niseme!

Nimemwomba mama aniwashie mshumaa kanisani. Kawasha viwili. Cha pili ni cha Olmedo, kwa sababu eti yule kijana ana salamu nzuri.

Jumapili, 16 Machi

Mungu wangu. Ile ya ofisini si baridi. Hii ndiyo baridi.

Nilishuka kwenye basi la mashabiki, masikio yakaniaga. Ukungu. Manyunyu yasiyoamua kuwa mvua. Olmedo ndani ya poncho, lile blanketi lenye tundu la kichwa, yuko kwao, anakunywa kinywaji cha moto cha mdalasini, ananiuliza kama sweta ya tatu nimeikumbuka. Tulikuwa juu kabisa, kwenye mstari wa kumalizia. Daktari alikuwa chini, tayari kuanza.

Nikaona kitu cheupe kwenye kioo cha lori. Nikakigusa.

Barafu.

Kila sentensi niliyoicheka Jumanne ikanirudia. Nikapiga simu: hakuna mtandao. Nikakimbia barabarani kuteremka, nikipunga bendeji. Msimamizi akanifukuza kwa bendera yake, akiniuliza kama nimekuja huku kufa na kumharibia Jumapili.

Ndipo nikalisikia gari la Daktari. Madereva wote huondoa mguu kwenye mafuta wakifika kona ya mwisho, na injini hushuka sauti. Hii haikushuka. Watu wakasimama. "Huyo mzee hana breki moyoni!" Mimi peke yangu nilijua: koo limeganda likiwa wazi. Daktari akapita mstari mdomo wazi, mguu hauko kwenye mafuta, akazima ufunguo, na gari likaingia taratibu kwenye bwawa la samaki la mgahawa, kama ng'ombe anayekwenda kunywa.

Wa kwanza katika kundi lake! Wakambeba juu, amelowa hadi kiunoni, analia. Fundi akafungua boneti, akatazama, hakuona lolote. Joto la injini lilikuwa limeyeyusha barafu yote. Hakuna ushahidi! Nilikuwa nimepona. Nilichotakiwa kufanya ni kula samaki wangu na kunyamaza.

Mezani Daktari akasema ni mguu. "Mguu wa Rendón!" Akauinua watu wauone, bado unachuruzika. Olmedo, kwa unyenyekevu, akasema alikuwa akimwombea kwa Bikira tangu alfajiri. Daktari akamkumbatia. Akamkumbatia, kwa sala! Mimi nimeungua mkono!

Nikasikia mtu amesimama anasema: "Si mguu, si Bikira, ni mimi!" Mtu huyo alikuwa na sauti yangu. Nikaeleza yote, mipira, hewa, barafu. Nikachora kwa mchuzi juu ya kitambaa cha meza. Hakuna aliyekuwa akitafuna.

Daktari akauliza polepole kama nina maana kwamba gari lilikataa kupunguza mwendo kwa sababu yangu. Nikasema ndiyo, Daktari, kifua mbele. Akauliza kama nilitaka kumuua. Nikasema hapana, nilitaka awe wa kwanza. Bwawa halikuwa kwenye hesabu.

Olmedo akanivika poncho yake. Sijawahi kufanyiwa jambo baya zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Olmedo ni karani mkuu. Mimi nimepelekwa stoo ya hati za zamani, chini ya ngazi. Sikufukuzwa. Daktari anasema aliyefukuzwa huropoka, naye anataka kombe libaki kuwa la mguu wake.

Nimewaza kwa kina na kosa nimeliona. Mipira haina hatia. Kosa ni la mlima! Tena habari njema: leo mthibitishaji wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa wa pili nyuma ya Daktari na aliyenisikia pale mezani, kanitumia ujumbe wa siri. Mwezi wa Mei atashindana kupanda mlima Chimborazo, na anataka nimwoshee gari. Anasema huko ni juu zaidi. Nimemjibu: vizuri sana, hewa itakuwa baridi zaidi!

Nawe, kama una gari lenye nguvu na unajua kutunza siri, usipige simu ofisini. Njoo saa ya chakula cha mchana, pita uchochoro wa nyuma, tafuta kidirisha chenye wavu usawa wa goti. Gonga kidogo. Ukisikia mtu anapiga chafya, ndimi. Vumbi la humu halina huruma. Usiseme jina langu, mimi Euclides Mero sitaki makuu. Na kama hunikuti, pitisha ufunguo wa gari kwenye wavu uende zako. Nitajua la kufanya.