Mshale wa Kaskazini Katika Ramani Yenu ya Montreal

Montreal,
14 Juni

Kwa Mhariri,
Wachapaji wa Vitabu vya Msafiri Mwepesi.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kitini, na unajua dirisha lako linatazama upande gani. Nauliza kwa sababu nimekisoma kitabu chenu na nina wasiwasi.

Mimi ni mkulima wa ngano niliyestaafu, kutoka nyanda za Saskatchewan. Kwetu barabara zimenyooka, kaskazini kwenda kusini na mashariki kwenda magharibi, na hata mlevi hufika kwake. Mke wangu Ghislaine alizaliwa hapa Montreal, akaja kwetu akiwa na miaka kumi na tisa. Alifariki mwezi wa Februari. Kabla ya hapo aliandika nyuma ya kadi ya mapishi akinitaka nije nikae kwenye ngazi za nyumba aliyozaliwa, nile mkate kwa niaba yake. Jina la mtaa hakuandika. Aliandika hivi: "Toka kituo cha treni cha Beaubien, vuka njia panda nne kwenda kaskazini, kisha tatu kwenda mashariki. Ngazi za chuma, za kijani."

Nina siku nne. Leo ni ya tatu, na sijaziona hizo ngazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika duka la vitabu kule kwetu, mjini Saskatoon, palikuwa na vitabu vitatu vya mji huu. Cha kwanza kilikuwa kizito kama paja la nguruwe. Cha pili kilijaa picha za watu wanaocheka mezani, bila kusema wanacheka nini. Cha tatu kilikuwa chenu. Nilikipima kama Ghislaine alivyokuwa akipima vitabu: tafuta kitu kimoja unachokijua kwa hakika, uone kama mwandishi naye anakijua. Mimi nilijua kwamba Montreal ina mto. Mto ulikuwemo. Binti wa dukani akasema, "Mzee, hiki kinaingia mfuko wa shati." Kweli kiliingia. Huo ndio ukweli wa mwisho nilioupata kwenu.

2. Ukurasa wa 31 mnasifu duka la mikate ya mviringo "ambalo wageni hawalijui." Nilikuta foleni ya wageni imezunguka kona, na kila mmoja ameshika kitabu chenu. Ukurasa wa 40 mnasema bustani iko "dakika kumi kwa miguu." Miguu ya nani? Mtajeni, tumwombe aje atuonyeshe. Tena kila mkahawa mmeuwekea kipicha cha viti viwili, maana yake unafaa kwa wawili. Yote. Hamna mkahawa hata mmoja wa kiti kimoja. Jana mhudumu aliniuliza, "Mwenzako anakuja, bwana?" Nikasema haji. Akakiondoa kiti cha pili kwa adabu sana, na chakula changu kikapoa.

3. Sasa nafika kwenye mshale. Pembeni mwa ramani yenu pana mshale unaotazama juu, na herufi ya kaskazini kichwani. Nimeupima kwa dira. Dira hii nilimnunulia mke wangu mwaka wa kumi wa ndoa yetu, kwa sababu kila kiangazi, akiosha vyombo jioni dirishani, alikuwa akiniambia, "Walter, jua limezama kaskazini tena." Nilimjibu, "Bibie, jua halijafanya hivyo tangu liumbwe." Ukumbini kwetu majirani walikuwa wakimwuliza, "Ghislaine, leo kaskazini iko wapi?" Naye alinyoosha mkono wote, si kidole, na kucheka kabla yao. Dira aliishukuru, akaifunga kwenye leso, na hakuitumia hata siku moja. Sindano yake bado ni nzima. Kwa mujibu wa sindano hiyo, mshale wenu unaonyesha karibu na magharibi. Jana jioni nilisimama dirishani hotelini na kuona jua likizama pale pale mnapopaita kaskazini. Mhariri, ni mshipa gani wa aibu uliowakatika?

4. Nimefuata maelekezo ya mke wangu mara tatu, dira mkononi. Mara tatu nimefika kwenye gereji ya kubadilisha matairi. Fundi wa pale sasa ananifahamu. "Mzee, umerudi? Gari liko wapi?" Nilimweleza. Akanionyesha kaskazini, upande ule ule wa mshale wenu. Nikamwonyesha dira. Akaitazama kwa huruma, akasema, "Hiyo hapa hatuitumii. Kaskazini yetu hufuata mitaa." Nilimwuliza mama mmoja mwenye kikapu, kisha mtu wa posta, nao wakasema yale yale. Kwa hiyo hamkunidanganya mimi peke yangu. Mmeudanganya mji mzima, pamoja na watumishi wa serikali.

5. Naomba basi, kwa heshima, mchague moja. Ama muuchore mshale upya, ama muugeuze mji. Msiniambie haiwezekani. Nilipokuwa mdogo, wanaume wa kwetu walihamisha kanisa zima kwa magogo na matrekta mawili, na kengele haikulia hata mara moja. Mji huu ni kisiwa, tayari uko majini, kwa hiyo nusu ya kazi imefanyika. Kama hayo yote yatawashinda, basi liandikieni jua.

Niwieni radhi kwa urefu wa barua. Msalimie mpiga chapa, msalimie karani anayefungua barua, na huyo aliyechora mshale msalimie pia, kama ataweza kuonekana.

Wako mwenye masikitiko,
Walter Prokopchuk

N.B. Barua hii sikuituma jana, kwa sababu stempu zilikuwa zimekwisha hotelini. Leo asubuhi, siku yangu ya mwisho, niliiacha dira chumbani na kuufuata mshale wenu, ili nipate ushahidi kamili wa uongo wake. Njia panda nne, kisha tatu. Ngazi ni za kijani.

Nilikaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini. Mama mmoja akachungulia dirishani. "Unamngoja nani, mzee?" Nikamwambia simngoji mtu, nakula mkate tu. Akasema, "Basi kula, hizo ngazi hazijamkataa mtu," akaniteremshia kahawa.

Tafadhali yafute malalamiko yote, isipokuwa lile la viti viwili. Mshale uacheni hapo ulipo. Mke wangu alinionyesha kaskazini hiyo hiyo kwa mkono wote, miaka arobaini na mmoja, nami nikamnunulia dira.