Nimeanikwa Kibirizi Pamoja na Dagaa

Leo nimeanikwa, jamani. Dagaa wana nafuu, wao huanikwa wakiwa wameshakufa.

Kwa msionijua: mimi ndiye fundi wa mfumo kwenye ghala la Mama Shukuru, hapa Kibirizi, Kigoma. Mitumbwi inaleta magunia ya dagaa wakavu kutoka vijiji vya mwambao. Dada Evelina anaingiza kila gunia kwenye kompyuta (jina la mwenye mzigo, uzito, mtumbwi uliolileta), halafu mnunuzi aliyeko Kasulu au Dar anapata ujumbe kwamba mzigo wake umepokelewa. Mfumo huo nimeutengeneza mimi. Mji mzima unajua nimeutengeneza mimi, kwa sababu nimewaambia.

Shida ilikuwa moja tu. Ulikuwa mzito! Evelina akibonyeza "hifadhi", kompyuta inaanza kuwaza. Unaweza kumenya kiazi, ukakila, ukaenda kutafuta maji ya kushushia, ukirudi bado inawaza. Watu wanapanga foleni juani, na lawama zote zinaniangukia mimi.

Mama Shukuru si mtu wa kelele. Aliniita, akanimiminia chai, akasema taratibu: "Mwanangu, mkataba wako unaisha. Siku nikiona tena watu wamesimama juani kwa ajili ya kompyuta, utarudi Mwanga kuuza chaja."

(Zamani nilikuwa nauza chaja soko la Mwanga. Sitaki kurudi. Kuna wateja kule bado wananitafuta.)

Basi nikaingia kazini kwa hasira. Mfumo kama huu kazi yake ni kuuliza tu: gunia la fulani liko wapi, fulani ana mzigo kiasi gani. Kanzidata, yaani ghala la taarifa, ndiyo inayojibu. Swali moja likizubaa, mengine yote yanasubiri nyuma yake. Kwa hiyo nikahitaji chombo cha kunionyesha swali gani linazubaa.

Chombo cha kwanza kilikuwa cha bure. Kioo cheusi, maandishi meupe, hakina huruma hata kidogo. Nikakiacha. Cha pili nilipokiwasha, seva yenyewe ikazimika. Cha tatu sasa, kilikuwa na rangi! Kijani, mambo safi. Njano, jihadhari. Nyekundu, balaa. Tena kinakuandikia swali lenyewe, neno kwa neno, na jina la aliyeliuliza. Nikakichukua palepale. (Wataalamu wanachagua kwa vipimo. Mimi nilichagua kwa rangi, kama kanga.)

Nikaweka na faharasa, ile kama ya mwisho wa kitabu, ili kompyuta ikitafuta jina iende moja kwa moja kwenye ukurasa wake badala ya kusoma kitabu kizima. Wiki nzima iliyopita, kijani tupu. Nikanunua na runinga, nikaitundika ukutani juu ya kaunta, kila mtu aone kijani changu. Mama Shukuru akaitazama, akasema: "Haya. Mzigo mkubwa mmoja ukipita salama, tunasaini."

Mzigo mkubwa mmoja ulikuwa leo.

Asubuhi nimefika na shati jeupe lililonyooshwa. Mitumbwi ya kaskazini ikaanza kuingia, imejaa mpaka maji yanalamba ukingo. Wachukuzi wakashusha. Foleni ikatoka mlangoni, ikapita mama muuza maandazi, ikakata kona. Evelina akaingiza gunia la kwanza, akabonyeza "hifadhi".

Kompyuta ikaanza kuwaza.

Nikacheka kidogo. "Inapasha moto," nikawaambia. Gunia la pili, ikawaza zaidi. La tatu, mzee mmoja akaketi juu ya gunia lake, akavua viatu. Mtu akivua viatu kwenye foleni yako, ujue hana imani na wewe.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Wiki iliyopita ulikuwa mwezi! Mbalamwezi ikiwaka ziwani, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu. Hakuna dagaa, hakuna magunia, hakuna maswali. Ningeweka kobe ghalani wiki ile, naye angeonekana ana mbio. Mimi! Mzaliwa wa Ujiji, mjukuu wa mvuvi! Nimepima mfumo wa dagaa wakati wa mwezi, nikasherehekea! Babu angekuwepo angenikana.

Mama Shukuru akatoka ofisini. Akaiangalia foleni, kisha akaniangalia mimi.

Nyie, mtu akitaka kuzama hushika hata unyasi. Mimi nikamshika Evelina.

"Mama, tatizo si mfumo," nikasema kwa sauti ya kitaalamu. "Tatizo ni matumizi. Wengine tunafungua mavideo kazini."

Evelina akageuka polepole. "Mavideo? Mimi?"

"Sijataja jina."

"Tunaogusa kompyuta tupo wawili humu ndani, Fundi!"

"Usijali," nikasema, "chombo kitatuambia ukweli. Hakina upendeleo." Nikachukua rimoti, nikaongeza ukubwa wa maandishi kwenye runinga ili hata wa mwisho kwenye foleni asome. (Hakuna aliyeniomba. Nasisitiza. Hakuna hata mmoja aliyeniomba.)

Kijani hakuna. Njano hakuna. Juu kabisa ulikuwepo mstari mmoja mwekundu, umelala kama nyoka barabarani.

Macho yangu yakausoma kabla ya watu wengine. Nikatafuta kitufe cha kuzima, rimoti ikaniponyoka, ikaingia chini ya magunia.

Mama Shukuru akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma tangazo la kanisani: "Aliyeuliza, Fundi. Anatafuta jina lolote lenye neno... Odilia. Anasoma magunia yote tangu ghala lifunguliwe." Akavua miwani. "Odilia ni nani?"

Jamani.

Niwaambie ukweli sasa, maana hapakubaki cha kuficha. Odilia ni binti wa Mzee Bukuru, mwenye mitumbwi kijijini Mwamgongo, mwambao wa kaskazini. Huwa anakuja na mizigo ya baba yake. Kipindi cha mvua alinikuta natengeneza mizani, nimepakaa grisi mpaka masikioni, nikajificha nyuma ya mizani mpaka akaondoka. Kesho yake nikaandika kijiswali kidogo ndani ya mfumo: kila gunia likiingizwa, angalia kama Odilia ameleta mzigo, ukimwona niletee ujumbe kwenye simu. Basi! Nikajiambia kijiswali hiki kitamdhuru nani? Na kwa kuwa Evelina leo anaandika "Odilia Bukuru", kesho "Bukuru Odilia", nikauambia mfumo umtafute popote alipo ndani ya jina. Kutafuta kwa namna hiyo faharasa haisaidii kitu. Kila gunia la kila mtu wa mwambao mzima likiingia, kompyuta inasoma kitabu chote kutoka ukurasa wa kwanza, inamtafuta Odilia.

Na mwezi ulipokuwa unawaka, magunia hayakuwepo, kwa hiyo haikumtafuta. Ndiyo sababu ya kijani changu.

Nikakohoa. "Mama, huyo si mtu. Sisi mafundi tukifanya majaribio tunatumia majina ya kubuni."

Sauti ikatoka kwenye foleni, nyororo kabisa: "Mimi ni wa kubuni?"

Sikutaka kugeuka. Niligeuka. Alikuwa wa nne kwenye foleni, kitenge cha njano, mkono kiunoni, na nyuma yake baba yake mzazi.

"Yebabawe!" akasema mama mmoja wa Kirundi anayenunua dagaa pale, akakaa chini kabisa ili acheke vizuri.

Mama Shukuru hakucheka. "Evelina, ingiza gunia jingine. Tuone."

Evelina (ambaye sasa alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi) akaingiza gunia la mzee wa viatu. Mstari mwekundu: Odilia. Akaingiza la mama wa Kirundi. Odilia! Akaingiza la mchungaji mmoja aliyefuata. Foleni nzima ikaitikia kwa pamoja, kabla hata runinga haijaandika: "Odiliaaa!" Mpaka mchungaji!

Kisha akaingiza la Mzee Bukuru, kwa jina la binti yake.

Simu yangu ilikuwa juu ya kaunta. Ikalia. Evelina akaitupia jicho, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Amefika. Kachane nywele."

Ndugu zangu, zile kelele zilisikika nadhani mpaka Kongo. Mama wa maandazi aliacha mafuta yakiungua. Mimi, na aibu yote ile, mkono wangu ulikwenda wenyewe kichwani, ukachana nywele. Mazoea mabaya!

Mzee Bukuru akapita mbele, foleni ikampisha. Nikaona niwahi kumwamkia, mpaka kwa Kiha. "Shikamoo, Mzee. Mwakeye."

"Marahaba." Akaitazama runinga. Akanitazama mimi. "Kijana, wewe ni wa wapi?"

"Ujiji, Mzee."

"Ujiji watu wameisha?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa mbona kwetu mtu akimtaka binti wa watu anatuma mshenga, wewe umetuma kompyuta? Tena hii inayochelewesha watu juani!"

Nikainama kutafuta rimoti chini ya magunia. Mnataka ningejibu nini?

Odilia akaweka viwiko kwenye kaunta. "Tangu mvua mpaka leo unaniulizia kwa mashine. Mdomo ulikuwa wapi?"

"Ulikuwepo," nikasema. Ndicho kitu pekee nilichosema. Nimemaliza chuo, nimejenga mfumo, na sentensi yangu ya kwanza kwa Odilia ni "ulikuwepo".

"Futa," akasema Mama Shukuru.

Nikafuta. Mbele ya kadamnasi, nikakosea nywila mara ya kwanza. Evelina akaingiza gunia lililofuata, akabonyeza "hifadhi". Pap! Kitufe hakijamaliza kubonyezwa, gunia limeshapokelewa. Jingine, pap! Mzee wa viatu alikuwa na gunia la pili; hakupata hata muda wa kuvaa, akaondoka navyo mkononi. Kijani kikarudi ukutani, na safari hii ni kijani cha kweli, chenye dagaa ndani yake. Foleni ikayeyuka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiomba ardhi ipasuke, haikupasuka.

Ghala lilipotulia nikamwendea Evelina. "Dada, nisamehe. Hakukuwa na video."

"Ilikuwepo moja," akasema. "Nimeichukua leo kwa simu yangu. Ya kwako."

Mama Shukuru akaniita ofisini. Safari hii hakuna chai. Nilikuwa tayari nimeshaanza kuziona zile chaja zimepangwa mbele yangu mezani.

"Nilisema nikiona watu wamesimama juani unaondoka," akasema. "Nimewaona."

"Ndiyo, Mama."

"Na nilisema mzigo mkubwa ukipita tunasaini. Umepita." Akavuta karatasi. "Nimefanya biashara ya dagaa tangu hujazaliwa, sijawahi kuona foleni ikiondoka hapa imefurahi hivi. Saini. Ila kuanzia leo, swali lolote utakaloandika, Evelina atalisoma kwanza."

Nikasaini. Sikushangilia. Nakiri machozi yalikuwa karibu, maana kazi hii naipenda.

Nikatoka kupata upepo. Mtumbwi wa Mwamgongo ulikuwa unasukumwa majini, Odilia ameshaketi kwenye ubao wa katikati, baba yake anahangaika na injini. Akaniona. Nilidhani atageuza uso.

"Fundi!" akaita, kila mtu ufukweni anasikia. "Baba anasema mshenga aje kwa maji, kama watu wote. Na asichelewe kama mfumo wako!"

Injini ikawaka. Mzee Bukuru hakukanusha.

Kwa hiyo ndugu zangu, natafuta mshenga. Awe mtu mzima, awe anajua Kiha, asiogope mawimbi, na asiwe mmoja wenu mnaocheka hapo.